Nyuma ya Kinanda

Mimi ndiye niliyekiua kinanda cha kanisa letu la Mtakatifu Cecilia. Ukimsikia mtu anasema kilikufa kwa uzee, mwambie Paulina binti Mahmudu amekataa. Nilikaa na uongo huo miezi minne mizima, naijua ladha yake, na sina hamu ya kuuonja tena.

Kilikuwa kinanda cha filimbi, si hivi visanduku vya kukanyaga kwa miguu ambavyo kila shule ya misheni inacho siku hizi. Kilikuwa na filimbi mia mbili na kumi na nne, nyingine za bati jeupe, nyingine za mbao, kuanzia ile fupi kama kidole changu hadi ile ndefu kupita mlango. Kilitoka Uingereza enzi za Mdachi, kikashushwa Lindi, na kutoka Lindi kikapanda huku juu Makondeni vichwani na mabegani mwa watu, vipande vipande. Baba yangu alikuwa mmoja wa wapagazi wale. Yeye alikuwa Mwislamu na nyimbo za kanisa hazikumhusu, lakini aliibeba filimbi kubwa kuliko zote kwa siku saba, na watu wa njiani walipomuuliza amebeba nini, aliwajibu amebeba sauti. Vita vya kwanza vilipokuja na mapadre wakakamatwa, baba na wenzake ndio waliozifukia filimbi za bati katika shamba la mihogo, ili askari wasije wakaziyeyusha wakapata risasi. Zote zilifukuliwa salama isipokuwa moja iliyogongwa na jembe. Hiyo hata leo ikilia utadhani ina mafua.

Mpiga kinanda wetu ni Mwalimu Edmund, mtu mpole mwenye vidole virefu na miwani iliyofungwa uzi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuvukuta. Kinanda cha namna ile hakilii bila upepo, na upepo unatoka katika mfuko mkubwa wa mbao na ngozi, mfano wa mivukuto ya mhunzi, isipokuwa huu ni mkubwa kama kitanda. Kuna mpini pembeni, na lazima mtu aupandishe na kuushusha tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Mapadre wa zamani waliwajaribu wanaume watatu, na wote waliishiwa pumzi kabla ya ubeti wa nne. Mume wangu alipofariki na kuniachia binti yetu mchanga, Cecilia, nilikwenda kuiomba kazi ile, wakanicheka. Walisahau kwamba huku juu hakuna maji, na kwamba sisi wanawake ndio tunaoteremka genge hadi bondeni kila siku ya Mungu na kupanda tena na debe kichwani. Nilivukuta Misa yote ya Pasaka bila kubadili mkono. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka, na nikakaa kwenye mpini ule miaka kumi na minane.

Mvukutaji hukaa nyuma, kati ya sanduku la kinanda na ukuta. Huko huoni altare, humwoni padre, huoni watu. Unaona mpini wako na kijiwe cha madini ya risasi kinachoning'inia kwa uzi, kinachopanda na kushuka kukuonyesha upepo uliobaki. Kwa miaka kumi na minane sikuiona harusi hata moja ya kanisani kwetu. Hata sauti ya kinanda chenyewe sikuisikia kama wenzangu walivyoisikia, maana kule nyuma kinachokujaza masikio ni mlio wa mpini na pumzi zako mwenyewe. Sikulalamika. Kila mtu na mahali pake, na mahali pangu palikuwa pale.

Sasa nieleze nilivyokiua.

Desemba ile mvua zilipoanza, Mwalimu Edmund alikwenda Lindi kutibiwa macho, akaniachia ufunguo. Siku ya pili nikaona njia ya udongo imepanda mguu wa kinanda. Mchwa! Nikagonga mbao, nikasikia zimeanza kuwa tupu. Mtu mwenye akili angekwenda kwa Padre Bartholomayo kumwambia. Mimi nilikwenda nyumbani kuchukua mafuta ya korosho.

Kwetu kila mtu anayajua mafuta hayo. Ukizikaanga korosho, maganda hutoa mafuta meusi, makali, yakikugusa yanakuchuna kama umemwagiwa uji wa moto. Tunapaka nguzo za nyumba, na mchwa hawazisogelei miaka kumi. Nguzo zangu zote nimezipaka kwa mkono wangu. Basi nikachukua kibuyu kizima na kipande cha kumbi la nazi, nikapaka miguu ya kinanda, nikapaka sanduku, nikapaka mbao za mfuko. Yalipobaki mafuta kidogo nikasema, ya nini kuyarudisha nyumbani? Nikaipaka na ngozi. Nikaipaka vizuri kabisa, ndani ya kila mkunjo, nikajisifu. Vidole viwili vikaungua na kubaki na mabaka meusi.

Mchwa walikimbia, siwezi kuwasingizia. Mwalimu Edmund aliporudi akanusa-nusa na kuuliza harufu ile ni ya nini, nikamwambia nimepaka miguu dhidi ya mchwa, akanishukuru. Habari ya ngozi sikuitaja kwa sababu sikujua kwamba ni habari. Lakini ngozi ilianza kukauka. Februari ikawa ngumu kama ganda. Machi ikaanza kulia kila nikisukuma mpini. Jumapili ya Matawi, katikati ya wimbo wa maandamano, nikasikia mlio mkubwa nyuma yangu, upepo ukanipiga miguuni, kijiwe cha risasi kikaanguka chini, na kinanda kikanyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo. Pembe zote nne za mfuko zilikuwa zimepasuka. Nikaishika ngozi ikavunjika mkononi, vipande vyeusi, na hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Nilipaswa kusema palepale. Mwalimu Edmund alikuja nyuma, akapiga magoti, akakitazama kipande kimoja kwa miwani yake ya uzi, akasema, "Ni kosa langu, Mama Cecilia. Ngozi inatakiwa kupakwa mafuta ya kondoo kila mwaka. Nimekuwa mvivu, nimeiacha ikazeeka." Na mimi, mwenye mdomo unaosikika kutoka hapa hadi Chiungutwa, nikanyamaza.

Uongo wa kunyamaza ni mbaya kuliko wa kusema, kwa sababu haufikii mwisho. Mwalimu Edmund aliacha kukaa mbele na kwaya, akahamia benchi la mwisho kama mtu aliyefungiwa Komunyo. Alikata mpira wa ndani wa baiskeli yake akajaribu kuziba, haukushika. Aliandika Uingereza kuuliza ngozi, akajibiwa itafika baada ya Krismasi. Kisha mwezi Juni, watoto wa shule wakiwa bado wanatembea na vikombe walivyopewa kwa sherehe ya taji la Malkia wa Waingereza, ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa misheni. Padre Bartholomayo alitusomea baada ya Misa. Jumatatu, tarehe tatu Agosti, litakuja lori. Litachukua kinanda chote. Filimbi za bati zitayeyushwa, mbao zitapasuliwa madawati, na sisi tutapewa kisanduku cha kukanyaga kwa miguu.

Padre si mtu mbaya. Ni mtu wa kwetu, mwembamba, mwenye paa linalovuja na shule isiyo na milango. "Kikilia kabla ya tarehe hiyo," alisema, "nitawaandikia wakiache. Kisipolia, jamani, sina cha kuwaambia."

Na tarehe mosi Agosti, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya harusi ya mwanangu. Cecilia wangu, niliyempa jina la kanisa, anaolewa na Stefano, mwalimu wa shule ya Chiungutwa, bila kinanda, na mama yake amekaa mikono mitupu.

Huku kwetu yuko mtu mmoja tu anayeijua ngozi, kuikwangua, kuilainisha na kuifanya itii, naye ni fundi ngoma Dadi wa Chilangala. Ni kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja. Tulikuwa hatujasemezana miaka saba.

Kosa hilo nalo lilikuwa langu. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake kabla hajawa wa baba yake, na binti hachezwi unyago bila mjomba kuitwa na kukubali. Cecilia alipovunja ungo, mimi nilikuwa na joto la Umoja wa Akina Mama wa kanisa. Nikampeleka kwenye unyago wa kanisa, chini ya walimu wa kike, na Dadi sikumwita. Akaja mwenyewe. Alitembea kutoka Chilangala na ngoma mpya begani, aliyokuwa ameichonga kwa ajili ya siku ile, imewambwa ngozi ya paa. Nikamkuta kwenye njia ya kanisa mbele za watu, nikamwambia, "Ngoma za kishenzi hazina nafasi hapa." Kaka yangu! Akanitazama, akaihamishia ngoma bega la pili, akarudi alikotoka.

Basi Julai ile nikajifunga kanga, nikaenda Chilangala. Nilimkuta uani anakwangua ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye vigingi. Mkewe Esha alinikaribisha kwa mshtuko, akanipa kigoda.

"Shikamoo, kaka."

Akamaliza upande mzima wa ngozi kwanza. "Marahaba."

Mimi sijui kuzunguka mbuyu. Nikamwambia moja kwa moja: kinanda kimepasuka ngozi, lori linakuja, nataka fundi.

"Kinanda," alisema.

"Kile alichokibeba baba."

"Alichokibeba baba nakijua." Akaweka kisu chini. "Nimesikia mwanangu Cecilia anaolewa. Nimesikia kwa ntu muuza chumvi, njiani. Miaka saba hujakanyaga hapa, Paulina, na leo umekanyaga. Umekuja kwa ajili ya sanduku. Kwa ajili ya mtoto hukuja."

Mimi nikiambiwa ukweli hupandwa na hasira. Nikasimama, nikamwambia abaki na ngozi zake, nikatoka bila kuaga.

Esha alinifuata mbio akanishika nje ya kijiji. "Wifi," alisema akihema, "una miguu ya punda na kichwa cha punda. Kaa chini unisikilize." Nikakaa. "Ile ngoma iko ndani mpaka leo. Hajaiuza wala hajaipiga. Kila mwaka anaitoa, anaipaka mafuta ya ufuta, anairudisha pale pale. Nikimuuliza anaitunzia nini, ananuna. Sasa nenda kamchukue binti, uje naye na unga na kuku, kama ntu anayemwendea njomba wa mwanawe. Na nikikusikia umetaja kinanda, nitakutoa mwenyewe."

Siku tatu nilizunguka nyumbani nikigombana na kuku. Siku ya nne nikamwambia Cecilia avae nguo nzuri. Aliponiuliza tunakwenda wapi nikamwambia tunakwenda kwa mwenye mtoto. Yeye alicheka, akasema, "Nilikuwa nangoja lini utasema hivyo, mama."

Tulifika, tukaweka unga na kuku miguuni pake. Cecilia akapiga magoti, akasema, "Njomba, naolewa Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Nakuomba uje unitoe wewe." Dadi akamwekea mkono kichwani na hakuusogeza kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Nikasema, "Kaka, nilikukosea. Nilikutukana mbele za watu, na Mungu wangu sidhani kama alinituma." Dadi akamwambia Esha achinje kuku yule, tukala wote sahani moja. Kinanda sikukitaja. Lakini tulipokuwa tunaaga akaniuliza, akitazama pembeni, "Na hilo sanduku lenu, kanisa linafunguliwa saa ngapi?"

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni na mfuko wa vifaa na ile ngoma begani. Padre Bartholomayo alimpokea kwa heshima, Mwalimu Edmund akamwongoza nyuma ya kinanda, nami nikawafuata. Dadi alichutama. Akachukua kipande cha ngozi, akakikunja kikavunjika. Akakinusa. Akakisugua kwa kidole, akanusa tena. Kisha akainua macho na kutazama mkono wangu wa kulia, yale mabaka meusi mawili. Nikajua kwamba amejua. Nikarudisha mkono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Vipi, fundi?" aliuliza Mwalimu Edmund. "Ni uzee, sivyo? Mimi sikuitunza."

Dadi alikiweka kile kipande chini. Alikuwa na miaka saba ya kunilipa, na malipo yalikuwa mkononi mwake, mbele ya padre. Akasema, "Ngozi ya zamani, mwalimu. Ngozi ikizeeka ndivyo inavyokuwa."

Ningeweza kumshukuru Mungu nikakaa kimya, wengine wangefanya hivyo. Mimi niliona bora Dadi angenichapa. Mtu niliyemwita mshenzi ananifunika aibu, na mtu aliyenishukuru anaendelea kubeba dhambi yangu. Mficha uchi hazai. Nikapaza sauti hata popo wakaruka darini: "Si uzee! Ni mafuta ya korosho. Nilipaka mimi, mkunjo kwa mkunjo, na nimenyamaza tangu Matawi."

Padre alifumba macho. Mwalimu Edmund akavua miwani, na nikajiandaa kupoteza kazi yangu na rafiki yangu kwa pamoja. Aliifuta kwanza, kisha akasema.

"Miezi minne, Mama Cecilia. Nimeungama uvivu mara nne. Padre amenipa zaburi za toba, nimezisoma zote." Akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, akaegemea ukuta na machozi yanamtoka. "Padre, zile zaburi nazidai."

"Atazisoma yeye," Padre Bartholomayo alisema. "Zote. Kwa sauti ya chini, tafadhali."

Kwa hasira yake iliyobaki, maana ilibaki, Mwalimu Edmund hakunisemesha wiki nzima zaidi ya "lete" na "shika". Sikumlaumu.

Dadi alisema ngozi ya mbuzi aliyokuwa nayo ingefaa kwa vipande vilivyonyooka, lakini pembe nne, zile zinazokunjwa na kukunjuliwa kila pumzi, zinataka ngozi nyembamba iliyolainika kwa miaka. Akaiweka ngoma mapajani na kuanza kuchomoa vigingi.

"Kaka, hiyo ni ya Cecilia."

"Ndiyo. Basi ilie siku yake."

Akaichomoa ngozi ya paa nzima, na aliposhika ncha mbili na kuivuta ilikunjika kama kitambaa. Ufuta wa miaka saba ulikuwa umeingia hadi ndani. "Ngozi inapakwa ufuta," aliniambia kwa upole wa kuudhi. "Ya korosho paka nguzo." Nilistahili, nikameza.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Ngozi zilihitaji kulowekwa, na kulowekwa kunataka maji, na maji yako bondeni. Niliteremka genge mara mbili kwa siku, debe baada ya debe, na safari hizo ndizo nilizosomea zaburi zangu. Dadi alitwanga ngozi kwenye kinu changu, akachemsha mabaki aliyoyakwangua mpaka yakawa gundi, akagandisha ukanda kwa ukanda huku Mwalimu Edmund akimshikia taa mchana kweupe, kwa sababu kule nyuma ni giza. Wale wawili walielewana haraka kunizidi. Nikawakuta wakigombana jinsi sauti inavyoingia katika mti, mmoja akigonga filimbi, mwingine akigonga ngoma iliyo uchi, na hakuna aliyenitazama.

Jumatano ya mwisho ya Julai nikaushika mpini. Kijiwe cha risasi kikapanda, kikapanda, kikasimama. Nikaacha mpini, kikabaki juu. Mwalimu Edmund akabonyeza kibao kimoja, na filimbi ya mafua ikalia. Padre Bartholomayo aliandika barua siku ile ile na kumpa mtu wa baiskeli. Sijui kama ilifika kwa wakati, maana Jumatatu lori lilikuja vilevile. Dereva akasikiliza tenzi mbili, akakuna kichwa, akapakia magunia ya mihogo mikavu ya shule ili asirudi mtupu.

Lakini nataka kumalizia na Jumamosi.

Asubuhi ile watu walijaa hadi nje, kutoka Newala, kutoka Chiungutwa, kutoka Chilangala, kofia za Waislamu kwenye mabenchi ya nyuma na vilemba vya Umoja wa Akina Mama mbele. Mimi nilivaa kanga mpya na kukaa mahali pangu, kati ya sanduku na ukuta. Nilikuwa nimeshakubali. Mama wengine wa bibi harusi hukaa mbele, mimi ningemsindikiza mwanangu kwa mkono wangu, hiyo pia ni heshima. Kupitia ufa wa mbao niliona kipande cha shela kikipita, pembeni yake kanzu nyeupe ya Dadi. Alimtoa kama njomba anavyopaswa, alimkabidhi, na padre akaanza.

Ulipotangazwa wimbo wa baada ya kiapo, nikasikia mtu ananikanyaga kanga. Dadi alikuwa amejipenyeza kule nyuma, kanzu imekunjwa mpaka magotini.

"Toka."

"Una wazimu? Wimbo unaanza."

"Ngozi yangu naijua mwenyewe. Toka, Paulina, nenda ukamwone mwanao." Akaushika mpini juu ya mkono wangu, akanisukuma kwa kiwiko kama tulipokuwa watoto tukigombea nafasi ya kulala.

Nikatoka. Nikazunguka kinanda, nikasimama kando ya nguzo ya mbele mbele za watu wote, jasho usoni, mikono haijui pa kukaa. Cecilia aligeuka akaniona, na uso wake ukafunguka. Machozi yalinitoka nikayaacha yatoke. Kinanda kikaanza. Dadi alivukuta kwa mapigo yake ya ngoma, mawili mafupi na moja refu, na upepo ukapiga hivyo hivyo, na Mwalimu Edmund akalazimika kuufuata, hata kwaya ikaenda mbio kama watu wanaokwepa mvua. Mabenchi ya nyuma yakaanza kutikisa vichwa. Padre Bartholomayo alitazama dari.

Nilikuwa sijapata kukisikia kutoka mbele. Kumbe ile filimbi kubwa, aliyoibeba baba siku saba, ina sauti nene ya upole inayokuingia kwenye miguu kabla ya kufika masikioni. Miaka kumi na minane nilikuwa naipa pumzi, na sikujua.